Mtoto Anayesusa Chakula: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi

Kususa chakula ni tabia ya mtoto kukataa, tena na tena, vyakula ambavyo familia yake inakula na ambavyo afya yake haimzuii kuvila. Mtoto wa namna hii hukubali wali lakini si ugali, mchuzi lakini si mchicha, ndizi mbivu lakini si papai. Jana alikula maharage kwa furaha, leo anayasukuma pembeni kana kwamba hajawahi kuyaona. Katika familia zetu huitwa mchaguzi au mdekaji, na wakati mwingine, kwa ukali asioustahili, mkorofi. Katika makala haya tunaeleza tabia hii inatoka wapi, wazazi wafanye nini na waache nini, na ni lini jambo hili huacha kuwa la malezi tu na kuwa la hospitali.

Huenda mtu akashangaa kuona tovuti ya jimbo inajishughulisha na sahani ya mtoto, tena kwa kalamu ya mapadre wasio na watoto wa kulisha. Jibu letu ni fupi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, Lumen Gentium, namba 11, unaiita familia Kanisa la nyumbani. Na hakuna Kanisa lisilo na meza. Tena sisi tunaosikiliza wanandoa tunafahamu ni ugomvi kiasi gani huanzia kwenye kibakuli cha uji. Mama anabembeleza, baba anaona mtoto anaharibiwa, bibi anasema zamani watoto walikula bila kuulizwa, na mtoto mwenyewe analia. Mahali ambapo familia ingesali na kushukuru pamoja panageuka kuwa mahakama mara tatu kwa siku.

Tabia hii inatoka wapi

Sehemu kubwa ya tabia hii ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Mtoto huzaliwa akipenda ladha tamu na akikunja uso mbele ya ladha chungu. Maziwa ya mama yana utamu, na katika maumbile mimea mingi yenye sumu ni michungu, kwa hiyo Muumba amemwekea mlinzi mdomoni kabla hajawa na akili ya kujilinda. Mlinzi huyo huongeza ukali mtoto anapoanza kutembea na kuweza kuokota chochote na kukitia kinywani. Kwa kawaida kati ya umri wa miaka 2 na 6 watoto wengi hukishuku chakula kigeni, kisha taratibu shaka hiyo hupungua. Mzazi anayedhani mwanawe wa miaka 3 ameharibika kwa sababu anakataa kisamvu anatazama, kwa sehemu kubwa, jambo ambalo wakati utaliponya.

Kuna na sababu ya hesabu. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 na ushei huongeza takriban kilo 6 katika mwaka wake wa kwanza. Katika mwaka wa pili huongeza takriban kilo 2 na nusu tu. Mwili unaokua polepole zaidi hudai kidogo kuliko zamani kwa kulinganisha na ukubwa wake, na mama aliyezoea kuona bakuli likiisha hushtuka kuona nusu yake inabaki. Mara nyingi mtoto hajasusa, ameshiba. Tumbo lake ni dogo, ndiyo maana wataalamu wa lishe hushauri apewe milo midogo midogo, mitatu mikuu na miwili ya katikati, badala ya kungojewa amalize sahani ya mtu mzima.

Ladha pia hufundishwa mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa urahisi kuliko wengine. Ladha ya chakula cha mama hupita kwenye maji yaliyomzunguka mtoto tumboni na kwenye maziwa. Hii ni sababu mojawapo ya kumtunza mama mjamzito vizuri na kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kisha kuendelea kumnyonyesha pamoja na vyakula vya nyongeza hadi miaka 2 na zaidi.

Sababu iliyo rahisi kuliko zote huonekana kwenye duka la mtaani. Mtoto aliyekunywa juisi ya paketi saa nne, akala biskuti saa tano na kupewa andazi na chai ya sukari saa sita, atakuwa na njaa gani saa saba? Huyu hachagui chakula. Amekwisha kula.

Nguvu, vitisho na zawadi

Hapa tunaomba wazazi watusikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo penye madhara. Katika baadhi ya nyumba mtoto hulazwa mapajani, akabanwa mikono, pua ikazibwa ili afungue kinywa, na uji ukamiminwa. Wanaofanya hivyo hufanya kwa hofu ya kumpoteza mtoto, hatuwahukumu. Lakini mtoto anayelia huku akimiminiwa uji anaweza kupaliwa, uji ukaingia mapafuni na kumletea homa ya mapafu au hata kumkaba mpaka kufa. Desturi hii iachwe kabisa, awe anayelisha ni mama, bibi au dada wa kazi.

Kuna na nguvu ya maneno. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, akiwamo Leann Birch aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watoto wanavyokula, walichapisha matokeo ya jaribio dogo la shuleni. Watoto wadogo waliandaliwa supu mbili. Kwa supu moja waliambiwa mara kwa mara wamalize. Kwa nyingine waliachwa wale wapendavyo. Ile waliyosukumwa kuimaliza ndiyo waliyokula kidogo zaidi, na ndiyo waliyoisema vibaya. Hakuna aliyepigwa wala kukemewa. Yalikuwa maneno ambayo mzazi yeyote mpole huyasema mezani. Ikiwa maneno hayo matupu yanafanya hivyo, fimbo inafanya nini? Mtume Paulo, anapowaandikia Waefeso na Wakolosai, anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa. Hatuoni sababu ya kuiondoa meza ya chakula katika onyo hilo.

Zawadi nazo hudanganya. Mzazi anayesema "maliza mchicha nikupe soda" amemfundisha mtoto mambo mawili kwa sentensi moja, kwamba mchicha ni adhabu na soda ni thawabu. Vitisho vya zimwi au vya daktari mwenye sindano ni vibaya zaidi, kwa kuwa mtoto yuleyule atapelekwa kwa daktari huyo siku atakapougua kweli. Simu yenye katuni, inayowekwa mbele ya mtoto ili apumbae na kulishwa, hupunguza kelele za leo. Lakini mtoto asiyejua anakula nini hajifunzi kukipenda wala kutambua kwamba ameshiba.

Kazi ya mzazi na kazi ya mtoto

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, tangu miaka ya 1980 amefundisha kanuni ambayo tunaiona kuwa ya busara na inayopatana na mafundisho ya Kanisa juu ya malezi. Kazi imegawanywa. Mzazi huamua chakula gani kiandaliwe, kiliwe saa ngapi na mahali gani. Mtoto huamua kama atakula, na kiasi gani. Ugomvi mwingi huzuka pale mmoja anapoingilia kazi ya mwingine: mzazi anapotaka kulitawala tumbo la mtoto, au mtoto anapoachiwa kuamua nyumba nzima ipike nini.

Tunajua kanuni hii huwapa wazazi wengi wasiwasi. Mtoto akiachiwa aamue kiasi, si atakufa njaa? Daktari Clara Davis alilishughulikia swali hilo kuanzia mwaka 1926, kwanza Cleveland na baadaye Chicago. Alilea watoto 15 waliokuwa wametoka tu kuachishwa ziwa na ambao hawakuwa wameonja chakula cha wakubwa. Orodha yake ilikuwa na vyakula 34, vikiwa vimeandaliwa bila sukari na bila mchanganyiko: nafaka, nyama, maini, mayai, maziwa, matunda, mboga. Mhudumu aliketi kimya na kijiko mkononi, bila kumshauri mtoto wala kumhimiza, mpaka mtoto aonyeshe anachotaka. Kila mtoto alikula kwa namna yake, na milo mingine ingemtisha mama yeyote, kama vile kifungua kinywa cha juisi ya machungwa na maini. Hata hivyo wote walikua vizuri. Mmoja wao, aliyefika akiwa na matege, aliwekewa mafuta ya ini la samaki kwenye sinia yake. Akayanywa kwa hiari mpaka alipopona, kisha akayaacha.

Leo hatungependa kuona watoto wanaishi miaka kadhaa katika jaribio kama hilo, na hatuliandiki ili liigwe. Lakini Davis mwenyewe, alipochapisha matokeo mwaka 1939, alisisitiza jambo ambalo wanaomnukuu husahau: siri ilikuwa kwenye orodha. Hapakuwa na pipi, biskuti wala soda. Watoto walichagua vema kwa sababu watu wazima walikuwa wamechagua vema kabla yao. Uhuru wa mtoto ulikaa ndani ya uamuzi wa mkubwa. Ndivyo alivyofundisha pia Papa Fransisko katika sura ya saba ya Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alipoeleza kwamba mzazi aliyeshikwa na hamu ya kudhibiti kila hatua ya mwanawe hamlei, bali malezi ni kumwandaa kwa upendo akue katika uhuru uliokomaa.

Katika nyumba zetu kanuni hii huchukua sura ya kawaida kabisa. Familia inapika chakula kimoja, na hakuna mlo wa pili wa dharura kwa anayesusa. Lakini katika chakula hicho kimoja pawe daima na kitu ambacho mtoto anakikubali, hata kama ni wali mtupu au kipande cha kiazi kitamu. Kile asichokipenda huwekwa kidogo sana, kijiko kimoja, bila hotuba. Akikiacha, kinaondolewa bila kelele, na kinarudi tena siku nyingine. Chakula kigeni huhitaji kuonekana na kuonjwa mara 8, mara 10, hata mara 15 kabla mtoto hajakikubali, ilhali wazazi wengi hukata shauri baada ya mara ya tatu kwamba "huyu hapendi matembele". Waliopita seminari wanaelewa hoja hii bila kuelezwa. Wapo waliofika wakiyachukia maharage, na leo ndiyo wanayoyaomba wakitembelea nyumba za waamini.

Desturi yetu ya kula pamoja kwenye sinia moja ni ya thamani, kwa kuwa mtoto hujifunza kula kwa kuwatazama wengine. Akimwona kaka yake anatowea tonge kwenye mlenda kwa furaha, amepata fundisho ambalo mama hawezi kulitoa kwa maneno. Hata hivyo kwenye sinia ya watoto sita mdogo hupitwa, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 tunashauri awe na kisahani chake, lakini aketi palepale penye wenzake. Na baba naye akae mezani. Mtoto ambaye baba yake hutengewa peke yake sebuleni, na ambaye hajawahi kumwona akila mboga za majani, ana sababu ya kudhani kwamba mboga ni chakula cha wanawake na watoto.

Mtoto ashirikishwe pia katika kazi. Anayechambua mchicha, anayeokota mayai na anayemwagilia bustani ndogo ya nyuma ya nyumba huzoea chakula kabla hakijafika mezani. Sala ya kubariki chakula isisahauliwe. Aiongoze yeye mwenyewe ikiwezekana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2223, inafundisha kwamba wazazi ndio wenye wajibu wa kwanza wa kuwalea watoto wao, na kwamba nyumbani ndipo panapofaa kufundishia fadhila. Kiasi ni mojawapo ya fadhila hizo, na mtoto anayeruhusiwa kusema "nimeshiba" na kuaminiwa anaanza kuijifunza.

Kwa wazazi waliochoka kusikia kwamba wavumilie, Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, kina faraja ya aina yake. Taifa zima la watu wazima linaisusa mana na kulilia samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri, na Musa anamlalamikia Mungu kama mlezi aliyelemewa, akiuliza kama ni yeye aliyewachukua mimba watu hao.

Penye chakula cha aina moja

Yote tuliyosema yanachukulia kwamba nyumbani pana cha kuchagua. Kwa familia nyingi za jimbo letu si hivyo, na tusingekuwa wakweli kama tungelipita jambo hilo. Mtoto anayepewa ugali na mboga ileile asubuhi, mchana na jioni, mwezi mzima, halafu akapoteza hamu, si mdekaji. Mwili wake unadai kitu ambacho hakipo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Mikoa yenye viwango vya juu zaidi ni Iringa, Njombe na Rukwa, yaani nyanda zinazolilisha taifa kwa mahindi. Ghala linaweza kujaa na mtoto akadumaa, kwa sababu wingi wa chakula cha aina moja hauwi lishe. Udumavu una sababu nyingine pia, kama magonjwa ya mara kwa mara na mama kulemewa na kazi za shamba asipate muda wa kumlisha mtoto wakati wa mchana. Hapa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina nafasi kubwa kuliko mahubiri. Majirani wanaweza kugawana mbegu za mboga, kufuga kuku wachache, kupeana zamu ya kuwalisha watoto msimu wa kilimo. Yai moja, kiganja cha dagaa waliosagwa, parachichi lililopondwa au karanga zilizosagwa vizuri hubadilisha kibakuli cha uji. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, kwani humkaba.

Neno moja juu ya unga wa lishe wenye nafaka nane au kumi. Wingi wa nafaka hauongezi ubora, nao huongeza hatari ya kuingiza punje zenye ukungu na sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka moja au mbili safi, pamoja na kitu cha jamii ya kunde au cha mnyama, zinatosha. Na mtoto akikataa uji wenye ladha ya uchachu au uchungu, kabla ya kumgombeza, mama auonje.

Lini apelekwe hospitali

Kususa kwa kawaida kuna alama zake: mtoto anacheza, anakua na ana siku zake za kula vizuri. Mzazi aiamini kadi ya kliniki kuliko jicho la jirani. Mstari wa uzito ukipanda sambamba na mistari ya kadi, hofu ipungue, hata kama mtoto anakula vyakula vitano tu. Mstari ukilala au ukishuka, apelekwe bila kungoja. Vilevile apelekwe ikiwa utepe wa kupima mkono unasoma manjano, chini ya sentimita 12.5, na kwa haraka zaidi ukisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ikiwa miguu imevimba, ikiwa ana homa, kikohozi kisichokoma, kuharisha au kutapika, ikiwa anakula udongo, ikiwa viganja na midomo imepauka, au ikiwa anapaliwa kila anapomeza.

Nyuma ya kususa huweza kujificha malaria, minyoo, upungufu wa damu, kifua kikuu, vidonda vya kinywa, meno yaliyooza au kuvimbiwa kwa siku nyingi. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma, na hivyo huzidisha upungufu wa damu ambao nao hupunguza hamu ya kula. Dawa za minyoo na matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wadogo mara mbili kwa mwaka katika vituo vya afya, wasikose.

Wapo pia watoto wachache ambao kususa kwao si hatua ya kupita. Mtoto mwenye usonji anaweza kushindwa kuvumilia mguso, rangi au harufu ya chakula kwa namna ambayo sisi hatuihisi. Huyo hadeki. Anahitaji mtaalamu na uvumilivu, na wazazi wake wanahitaji kuondolewa lawama za ukoo.

Tunalazimika kutaja mambo mawili kwa majina yake. Mtoto anaposusa, akawa na homa au kikohozi, wapo wanaoshauri akatwe kimeo; wengine husema ana meno ya plastiki, au ya nailoni, na kwamba yang'olewe. Kimeo ni sehemu ya kawaida ya koo iliyowekwa na Mungu, na yale yanayoitwa meno ya plastiki ni meno ya kawaida ya mtoto ambayo bado yako ndani ya ufizi. Kuyakata au kuyang'oa kwa kisu, wembe au spoku ya baiskeli kumewaletea watoto kutokwa na damu nyingi, pepopunda, maambukizi na kifo, huku malaria au homa ya mapafu iliyokuwa chanzo ikiendelea bila tiba. Anayemshauri mama kufanya hivyo huenda ni mtu wa heshima, bibi au mama mkwe, na kumkatalia ni vigumu. Baba wa familia achukue wajibu huo wa kukataa, kwa adabu na bila kuyumba. Akihitaji sauti ya kuungwa mkono, amwite mwenyekiti wa jumuiya, katekista au padre.

Kufunga na kupokea Komunyo

Kila mwaka ifikapo Kwaresima wazazi hutuuliza kama mtoto anapaswa kufunga. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa iko wazi. Kujinyima nyama kunawabana waliotimiza miaka 14. Kufunga kunawabana waliotimiza miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60 wa maisha yao. Kanuni hiyohiyo inawataka wachungaji na wazazi wawafundishe walio chini ya umri huo maana halisi ya toba. Mtoto wa miaka 8 anaweza kutoa sadaka pesa ya pipi. Asinyimwe chakula cha jioni. Na mzazi asitumie Kwaresima kama kisingizio cha kumwadhibu anayesusa, akisema "basi na ufunge". Mtoto akishazoea kuisikia sala katika sauti ya adhabu, si rahisi kumwondolea sauti hiyo baadaye.

Kabla ya Komunyo, kanuni ya 919 inadai saa moja tu ya kutokula wala kunywa, na maji au dawa haviivunji. Saa hiyo huhesabiwa hadi wakati wa kupokea, si hadi mwanzo wa Misa. Watoto ambao bado hawapokei hawabanwi kabisa. Hakuna sababu ya kumleta mtoto Misa ya pili akiwa hajatia kitu kinywani tangu jana usiku.

Linabaki swali la watoto ambao hostia yenyewe huwatia kichefuchefu, wakaogopa kuitema mbele ya watu. Wapo katika kila kundi la Komunyo ya Kwanza, nao huficha jambo hilo kwa aibu. Kanisa linafundisha, kama ilivyo katika Katekisimu namba 1377, kwamba Kristo yupo mzima katika kila umbo na katika kila sehemu ya umbo hilo. Kwa hiyo kipande kidogo sana cha hostia kinatosha, na asiyeweza kumeza hata hicho anaweza kupokea Damu ya Kristo pekee. Kwa wachache wenye ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni, yaani protini ya ngano, barua ya Julai 2003 ya idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani iliruhusu hostia za ngano zenye gluteni kidogo, na vilevile kupokea kwa umbo la divai peke yake. Makatekista wawape watoto nafasi ya kuonja, wakati wa mafundisho, hostia ambayo haijawekwa wakfu, ili ladha na mguso wake visiwe vigeni siku ya sherehe. Mzazi anayejua mwanawe ana shida hii amwone paroko wiki kadhaa kabla ya Komunyo ya Kwanza, wala asingoje kumnong'oneza kwenye mstari mbele ya altare.